Mbiu na Baraza: Utangazaji wa Wananchi katika Nchi ya Kilosa na Mikumi

Wazee wetu walikuwa na njia mbili za kupashana habari. Ya kwanza ni mbiu. Mtu wa jumbe alipita na pembe, akaipiga, watu wakanyamaza, naye akasema alilotumwa kusema. Hakuulizwa neno, wala hakuwa na jibu la kutoa, maana maneno hayakuwa yake. Njia ya pili ni baraza. Hapo watu huketi, mmoja akasema, mwingine akamkatalia, wa tatu akakumbusha yaliyopita, na jambo halikatwi mpaka limezungukwa pande zote. Mbiu hufika upesi, lakini huishia masikioni. Baraza huchelewa, lakini mtu akitoka huko ana neno lake ndani ya neno la wote.

Katika makala hii nataka kuonyesha ya kuwa redio katika nchi yetu ilizaliwa kuwa mbiu, na kwamba kwa muda wa miaka sabini na zaidi watu wa namna mbalimbali wamejaribu kuigeuza iwe baraza. Nitachukua mfano wa Kilosa na Mikumi, katika mkoa wa Morogoro. Nimechagua huko kwa sababu ni nchi ambayo kukosekana kwa baraza kumekwisha kugharimu roho za watu.

Mji wa Kilosa umekaa bondeni, kando ya mto Mkondoa, na milima ya Rubeho imeusimamia upande wa magharibi. Wenyeji wa nchi hiyo ni Wasagara, Wakaguru na Wavidunda. Reli ya Kati, ambayo Wajerumani walianza kuijenga kutoka Dar es Salaam mwaka 1905 na kuifikisha Kigoma mwaka 1914, ilipita hapo, na baada yake mashamba makubwa ya mkonge ya Kimamba, Rudewa na Msowero yakavuta vibarua kutoka pande nyingi. Wafugaji nao wakaja na ng'ombe wao: kwanza Wamasai wa Parakuyo, na baadaye Wabarabaig na Wasukuma. Upande wa kusini kuna Mikumi, ambako tawi la reli lilipita kwenda Kidatu katika miaka ya 1960. Hifadhi ya wanyama ilitangazwa huko mwaka 1964, na barabara kuu ya kwenda Iringa na Zambia imeufanya mji huo kuwa kituo cha madereva na wapita njia. Basi hii si nchi ya kabila moja wala ya kazi moja. Mkulima, mfugaji, kibarua wa mkonge, askari wa hifadhi na mwenye duka la barabarani wote wanakaa humo, na lugha inayowakutanisha ni Kiswahili.

Redio iliingia kwa watu hawa kutoka mbali. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951. Mtambo wake ulikuwa mdogo, na mwanzoni haukukusudiwa kufika mbali sana na mji wenyewe. Mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji la Tanganyika, lililofuata mfano wa shirika la Uingereza. Chombo cha kupokea matangazo kilikuwa kizito na ghali siku hizo, nacho kilitaka betri kubwa. Kwa hiyo redio moja ilikuwa ya watu wengi: walikusanyika mbele ya duka, au kilabuni, au katika jumba la maendeleo ambamo serikali ilikuwa imeweka magazeti na redio. Tukitazama umbo lake, mkusanyiko huo ulifanana na baraza, kwa maana watu waliketi pamoja. Lakini tukitazama kazi yake, ilikuwa mbiu. Sauti ilitoka mjini, ikashuka, ikanyamaza.

Wala wananchi hawakukosa kulitambua jambo hilo. Walipopata redio zenye nguvu walianza kutafuta sauti nyingine. Cairo ilianza matangazo ya Kiswahili mwaka 1954, na BBC ya London mwaka 1957. Msikilizaji wa Afrika Mashariki akawa na mbiu kadhaa za kuchagua, moja ikimwambia hili na nyingine ikilipinga. Kuchagua ni uhuru wa namna fulani. Lakini chama cha TANU, kilipotaka kusema na watu na kusikia majibu yao, hakikutegemea redio ya serikali ya kikoloni. Kilitegemea mikutano ya hadhara, na magazeti kama Sauti ya TANU, lililoanza mwaka 1957. Uhuru wa nchi yetu uliletwa kwa miguu na kwa midomo kuliko kwa mawimbi ya hewani.

Baada ya Uhuru serikali iliona ya kuwa chombo chenye nguvu namna ile hakifai kuachwa kando ya kazi ya kujenga taifa. Mwaka 1965 shirika lile likavunjwa, utangazaji ukawa idara ya serikali, na kituo kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam. Katika miaka hiyo hiyo kiwanda cha kuunda redio na betri kikaanzishwa nchini, na redio ndogo za transista zikaenea mpaka vijijini. Hapo ndipo chombo kilipohama kutoka dukani kwenda nyumbani, na kutoka nyumbani kwenda shambani, kikining'inia kwenye tawi la mti wakati mwenyewe akipalilia.

Yafaa tuutazame mlango mdogo ambao wananchi waliupata katika kituo hicho cha taifa. Ulikuwa mlango wa salamu na wa matangazo ya vifo. Msikilizaji alijaza kadi, akataja majina ya ndugu na marafiki, akaituma kwa posta, kisha akasubiri siku nyingi jina lake lisomwe. Wasomi wengi wameudharau mlango huo, wakidhani ni mchezo. Mimi siudharau. Mtu aliyekuwa akikata mkonge Kimamba, na mama yake yuko nchi nyingine mbali, alijulisha ya kuwa yu hai. Na jamaa waliofiwa walipata kuitana mazikoni kwa sauti iliyofika kabla ya barua. Hata hivyo mlango huo ulipitisha majina tu. Haukupitisha hoja.

Hoja zilijaribiwa kwa njia nyingine, nayo ni ile ya vikundi vya kusikiliza redio. Asili ya njia hii ni Kanada, ambako mwaka 1941 wakulima walianza kukusanyika majumbani kusikiliza kipindi chao na kukijadili, kisha kupeleka maoni yao kwa watangazaji. Mwaka 1956 India iliijaribu katika vijiji vya upande wa Pune. Kwetu ilishikwa na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima, iliyokuwa imeanza mwaka 1960 kama tawi la Makerere na baadaye ikawa chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Mwalimu Nyerere alikuwa ameutangaza mwaka 1970 kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1971, Tanganyika ilipotimiza miaka kumi ya Uhuru, vikundi vya kampeni iliyoitwa Wakati wa Furaha vikajaribiwa. Jaribio lilipofaulu, ikafuata kampeni kubwa ya mwaka 1973, Mtu ni Afya.

Namna yake ilikuwa hivi. Kila kikundi kilikuwa na watu kumi mpaka kumi na watano au zaidi, kiongozi aliyefundishwa, redio moja, na vijitabu vilivyoandikwa kwa herufi kubwa na lugha nyepesi. Kipindi kilitangazwa, watu wakasikiliza pamoja. Kisha kiongozi au msomaji mmoja akasoma sehemu ya kitabu, ndipo wakajadiliana: je, hapa kwetu maradhi ya malaria, ya kuhara na ya kichocho yanatokana na nini, na tutafanya nini wiki hii? Kazi hiyo ilidumu wiki 12. Viongozi waliofundishwa walikuwa kama 75,000, na walioshiriki wakadiriwa kuwa milioni mbili, katika nchi ambayo hesabu ya watu ya mwaka 1967 ilikuwa imeonyesha watu milioni 12 na kitu. Vyoo vingi vilichimbwa, madimbwi yakafukiwa. Sidhani kama kuna kazi nyingine ya redio katika Afrika ya siku zile iliyokusanya watu wengi hivyo chini ya miembe.

Hapa mbiu na baraza vilikutana. Mtambo ulikuwa Dar es Salaam, na aliyenena alikuwa mmoja. Lakini mwisho wa kipindi haukuwa mwisho wa jambo, bali mwanzo wake, maana kila kikundi kilikuwa na zamu yake ya kusema. Tusisahau pia ya kuwa mwanamke aliyekuwa hajapata kusimama mbele ya baraza la wanaume aliweza kusema katika kikundi cha watu kumi na wawili, tena juu ya jambo alilolijua kuliko wao, yaani maji, watoto na maradhi.

Lakini yatupasa tuwe wakweli. Baraza la Mtu ni Afya lilikuwa na mipaka. Watu waliweza kujadili choo kichimbwe wapi, hawakuulizwa kama jambo la kwanza kwao lilikuwa choo au lilikuwa bei ya pamba. Tena mwaka ule ule wa 1973, mnamo Novemba, ilitangazwa ya kuwa kuishi katika vijiji sasa ni amri, na kufika mwisho wa 1976 watu wote wa mashamba walitakiwa wawe wamekwisha kuhamia. Basi katika mwaka mmoja, kwa redio ile ile, wananchi walialikwa barazani kuzungumza juu ya vyoo, wakapigiwa mbiu juu ya nyumba zao. Nadhani hakuna mfano ulio wazi zaidi wa tofauti ninayoieleza. Chombo hakikubadilika. Kilichobadilika ni kama mwenye chombo alitaka kujibiwa.

Habari ya televisheni ni fupi zaidi. Zanzibar ilianza televisheni, tena ya rangi, mwaka 1973. Tanganyika ilikataa kwa miaka mingi, kwa hoja ya kuwa chombo hicho ni ghali na kitawafaa watu wachache wa mijini. Ilipofika mwaka 1994 ndipo televisheni za watu binafsi zilipoanza Dar es Salaam, baada ya sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 kuondoa utawala wa serikali peke yake juu ya mawimbi. Katika mkoa wa Morogoro, Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo kilianzisha baadaye televisheni na redio zake, zisizo za biashara, kwa ajili ya elimu ya kilimo. Lakini kwa mtu wa kijiji cha Kilosa televisheni imebaki kitu cha kutazamwa kwa watu, au kwenye kibanda cha kulipia. Redio ndiyo iliyobaki yake.

Sheria ile ya 1993 ilifungua mlango, na wa kwanza kupita walikuwa wenye fedha. Redio za biashara zilileta uhai, muziki, na vijana wenye ndimi nyepesi. Lakini redio ya biashara huenda walipo wanunuzi, na mkulima wa mahindi wa Rudewa si mnunuzi ambaye mwenye sabuni atalipia kumfikia. Ndiyo maana wazo la redio ya jamii likaanza kusemwa kwa nguvu: kituo kidogo, kisichotafuta faida, kinachomilikiwa na kuongozwa na watu wa mahali, kikisema mambo yao. Afrika Mashariki ilikwisha kulionja wazo hilo mapema. Mwaka 1982 kituo kidogo kilifunguliwa Homa Bay, kando ya ziwa nchini Kenya, kwa msaada wa UNESCO, kikitangaza kwa lugha ya wenyeji. Mwaka 1984 serikali ikakifunga. Mwaka 2001, watangazaji wa Afrika walipokutana Windhoek, walitoa hati iliyotambua aina tatu za utangazaji: wa umma, wa biashara na wa jamii. Na mwaka 2002 Wamasai wa Simanjiro wakapata kituo chao huko Terrat, kimojawapo cha vituo vya kwanza vya namna hiyo katika Tanzania bara.

Sasa turudi Kilosa. Mwezi wa Desemba mwaka 2000 ugomvi wa wakulima na wafugaji, uliokuwa umelimbikizana kwa miaka juu ya maji, malisho na mazao yaliyoliwa, ulilipuka. Katika kijiji cha Rudewa Mbuyuni watu 38 waliuawa. Mapigano mengine yalifuata katika miaka ya baadaye, na mwaka 2009 serikali iliendesha kazi ya kuwaondoa wafugaji na mifugo yao katika sehemu nyingi za wilaya, kwa hasara kubwa juu yao. Wataalamu walioyachunguza mambo haya wametaja sababu nyingi: ardhi iliyoshikwa na mashamba makubwa, mipaka ya vijiji isiyojulikana, na rushwa iliyowafanya watu wasiamini ya kuwa watapata haki kwa kusema. Mimi si mtaalamu wa ardhi, na sisemi ya kuwa redio ingalizuia damu ile. Redio haigawi maji. Ninalosema ni dogo zaidi. Katika wilaya nzima hapakuwa na mahali ambapo mkulima na mfugaji wangaliweza kusikia, kila mmoja kwa masikio yake, malalamiko ya mwenzake kabla hayajapita katika vinywa vya wachochezi. Uvumi ulikuwa na miguu, na jibu halikuwa na miguu.

Msomaji atasema: lakini redio iliyo karibu na watu yaweza kuwa mchochezi mkubwa kupita wote. Ni kweli. Katika Rwanda kituo cha Mille Collines, kilichoanza mwaka 1993, kilisema kwa lugha ya watu na mizaha ya watu, na mwaka 1994 kikawaita watu waue jirani zao. Hiyo yatufundisha ya kuwa ukaribu peke yake si wema. Lakini tutazame kile kilichokosekana pale. Aliyetajwa kwa jina ili auawe hakuwa na zamu ya kusema. Kituo kile kilikuwa mbiu iliyovaa nguo za baraza, na kwa hiyo kilikuwa cha hatari kuliko mbiu ya kawaida, ambayo angalau kila mtu anajua imetoka kwa nani.

Kisha yakaja mafuriko. Mwisho wa Desemba 2009 na mwanzo wa Januari 2010 mto Mkondoa ulivunja kingo zake, ukaingia mjini na vijijini, ukabomoa nyumba na kukata reli. Maelfu ya watu walilala katika mahema. Katika msiba wa namna hiyo mbiu ina thamani yake, na si haki kuidharau. Maji yakiwa yanapanda hakuna nafasi ya kujadiliana. Anahitajiwa mtu wa kusema kimbieni, na njia salama ni hii. Lakini baada ya maji kupungua, maswali yalikuwa ya baraza: nani ahamishwe, apelekwe wapi, na nani aangalie tuta la mto mwaka ujao. Jamii inahitaji chombo kinachoweza kazi zote mbili, na chenye busara ya kujua saa ya kila moja.

Siku hizi Kilosa ina kituo chake, kiitwacho Redio Jamii Kilosa. Ni jambo la kushukuriwa, hasa katika wilaya ambayo ina chuo cha utafiti wa kilimo pale Ilonga, karibu na mji, ambapo mbegu huchunguzwa kwa miaka na habari zake zaweza kukaa vitabuni zisimfikie mkulima aliye jirani. Lakini kuwa na mtambo si kuwa na baraza, na vizuizi ni vya aina nyingi.

Kimoja ni cha nchi yenyewe. Mawimbi ya masafa ya kati, yaliyotumiwa na Radio Tanzania, yalifuata uso wa ardhi na kufika mbali. Mawimbi ya FM huenda moja kwa moja kama mtu anavyoona kwa macho, na mlima ukisimama mbele hukoma. Wilaya imejaa vilima. Kati ya mji wa Kilosa na Mikumi kuna zaidi ya kilometa 70 za barabara. Kwa hiyo redio ya jamii ya wilaya yaweza kuwa redio ya bonde moja tu, na mtu wa bonde la pili akabaki na sauti za Dar es Salaam.

Kizuizi kingine ni fedha. Mkono mtupu haulambwi. Kituo kisichotafuta faida chahitaji umeme, vipuri, leseni na posho za vijana. Fedha hizo zikitoka kwa mfadhili wa ng'ambo, vipindi hufuata anayoyapenda mfadhili. Zikitoka kwa halmashauri, ni vigumu kumwuliza mwenyekiti wa halmashauri swali gumu. Zikitoka kwa wenye matangazo, tumerudi kwenye sabuni. Dawa ya kweli ni michango midogo ya wengi, lakini wengi hao ni watu ambao mwaka mbaya wa mvua huwaacha bila kitu.

Tena kuna lugha. Kanuni za utangazaji za nchi yetu zataka Kiswahili au Kiingereza. Naiheshimu sababu yake: Kiswahili kimetufanya taifa moja, na tumeona Rwanda. Lakini bibi wa Kiparakuyo asiyejua Kiswahili vizuri, anayezungumziwa kila siku katika habari za ugomvi wa ardhi, ataingiaje barazani? Sidhani ya kuwa Kiswahili kitavunjika kwa kuwa bibi huyo amesema kwa lugha yake na mkalimani akamtafsiria. Hivyo ndivyo mabaraza yetu ya zamani yalivyofanya yalipokutanisha wageni.

Na sasa kuna simu ya mkononi, ambayo wengi hudhani imekwisha kulitatua jambo. Msikilizaji hupiga, sauti yake ikasikika papo hapo, bila ya kadi na posta. Ni kweli ya kuwa mlango umepanuka. Lakini tuangalie wanaopita humo: ni wenye simu, wenye fedha ya kuongeza, na mara nyingi wanaume. Mwanamke wa kikundi cha mwaka 1973, aliyesema mbele ya wenzake kumi na wawili bila kulipa senti, hakupata mrithi katika simu. Hapa pana kinyume cha ajabu katika historia yetu. Zamani tulikuwa na vikundi bila mtambo. Sasa tuna mtambo bila vikundi. Wale waliokaa pamoja hawakuweza kuirudishia redio neno, na sisi tunaoweza kuirudishia hatukai tena pamoja.

Kwa hiyo wenye kuchunguza utangazaji wa jamii, hasa wanafunzi wetu vyuoni, wasitosheke kuhesabu vituo na minara. Waende Rudewa, Kimamba na Mikumi waulize ni nani aliyesema wiki iliyopita, juu ya nini, na nani alimjibu. Waulize kama mkulima amewahi kumsikia mfugaji akieleza mwenyewe kwa nini ng'ombe walipita pale. Na wenye kuongoza vituo vidogo wangefanya vema kukifungua tena kitabu cha mwaka 1973, si kwa ajili ya amri zilizokuwa juu yake, bali kwa ajili ya watu kumi na wawili walioketi chini ya mwembe. Vikundi hivyo vikirudi, mara hii vikiwa na mtambo wao karibu na ruhusa ya kuchagua mazungumzo yao, hata mtu wa bonde la pili ambaye mawimbi hayamfikii vizuri ataweza kupeleka neno la kikundi chake mjini na kulisikia likijibiwa. Hapo Kilosa itakuwa imepata ambacho haikuwa nacho Desemba ya mwaka 2000.